Shajara ya mradi: Kutoka Union Minière hadi Gécamines

14 Januari

Tumeanza. Kazi yenyewe ni kuandika kwa Kiswahili historia ya kampuni ya madini iliyojenga Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miji ya Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, tangu ilipoitwa Union Minière du Haut-Katanga hadi Gécamines ya leo. Kwa Kifaransa historia hiyo imeandikwa sana. Kampuni yenyewe, ilipotimiza miaka hamsini mwaka 1956, ilijitolea kitabu chake cha sherehe. Kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wa kambi za wafanyakazi walifanyia kazi, walifanyia biashara na walilelea watoto, maandishi ni haba. Lipo moja ninaloliheshimu kuliko yote: daftari lililopigwa chapa mwaka 1965 na watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakieleza historia ya mji wao kwa Kiswahili cha mji wao. Mtafiti Johannes Fabian alilichapisha mwaka 1990. Waandishi wake walikuwa wapishi na maboi. Walisikia yaliyosemwa mezani kwa Wazungu, na jioni wakarudi makwao wakasikia yaliyosemwa huko. Hakuna kitabu cha kampuni kilichosikia pande zote mbili.

Mpango wetu wa mwanzo una sehemu tatu, kila moja ikibeba jina lililokuwa langoni wakati huo: Union Minière, 1906 hadi 1966, Gécomin, kuanzia 1967, Gécamines, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni mpangilio mwepesi kufuata. Tutaona kama utabeba yale tutakayosimuliwa.

23 Januari

Tumekubaliana historia isianzie 1906. Watu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kampuni yoyote, kwenye tanuru za udongo wa kichuguu, na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Imefukuliwa kwenye makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na mwaka 1960 ikachorwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga.

Halafu kuna Msiri. Alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, mtoto wa mfanyabiashara aliyefuata shaba ya Katanga, na katikati ya karne ya 19 akabaki huku akajenga ufalme wake Bunkeya. Wale waliokuja naye ndio asili ya Wayeke. Aliuza pembe, shaba, chumvi na watumwa, akipeleka mashariki hadi pwani ya Waswahili na magharibi hadi Benguela. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, msafara uliotoka pwani ya Afrika Mashariki ukiwa na wapagazi wengi wa Zanzibar. Mwaka uliofuata mjiolojia Jules Cornet alipita akichunguza mawe na kuandika ripoti juu ya utajiri aliouona. Kwa hiyo msomaji wa Tabora au wa Unguja asidhani anasoma habari za watu wa mbali. Babu zake wamo ndani, wengine wakiwa wafalme na wengine wakiwa na mizigo kichwani.

5 Februari

Siku ya kukusanya tarehe za kuzaliwa kwa kampuni. Ilianzishwa 28 Oktoba 1906. Wenye mali walikuwa watatu: Comité Spécial du Katanga, iliyoshikilia ardhi ya jimbo tangu 1900, Société Générale de Belgique ya Brussels, na Tanganyika Concessions ya Mskoti Robert Williams, mtu wa karibu wa Cecil Rhodes. Reli kutoka Rodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na katikati ya 1911 tanuru ya kwanza kando ya mto Lubumbashi ikamwaga shaba iliyotoka mgodi wa Kalukuluku, ule Wazungu waliouita Nyota. Hata makaa ya kuwashia tanuru yalitoka Wankie, Rodesia ya Kusini. Koloni lilikuwa la Mbelgiji, lakini reli, makaa na sehemu ya mtaji vilikuja kwa Mwingereza, na wafanyakazi wengi wa miaka ile walitoka Rodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Wafanyakazi hao walikuja kwa mikataba ya miezi michache, bila wake zao, wakilala kwenye vibanda. Nimonia, kuhara na homa ya matumbo viliwaua wengi, kisha mwaka 1918 ikaja homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Nimetumia siku nzima kwenye miaka hii, na kinachonisumbua ni kwamba kampuni iliandika jina la kila mashine na mahali ilikotengenezwa, ilhali wafu wa kambi za mwanzo wamebaki kuwa asilimia.

11 Februari

Jambo la kiufundi. Tunaandika mazungumzo kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na hatusahihishi. Mtu akisema "njo vile", inaandikwa "njo vile". Akisema "bunga" na "bukari", haibadilishwi kuwa unga na ugali. Kwenye maelezo yetu wenyewe tunatumia Kiswahili ambacho msomaji wa Mombasa au Bujumbura atakifuata bila taabu. Kila rekodi ina nakala mbili, na nakala moja inakaa nje ya mji.

2 Machi

Leo nimeelewa tunachokiandika.

Tulikuwa tumeketi na mama mmoja aliyezaliwa kambini kabla ya uhuru, baba yake fundi wa tanuru, babu yake aliyeandikishwa kazi huko Kasai. Tulimwuliza kuhusu mwaka 1967, mwaka Mobutu alipoichukua kampuni. Alifikiri kidogo, akasema mwaka ule alikuwa msichana mkubwa, na posho iliendelea kutoka siku ile ile ya wiki. Basi. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kueleza posho yenyewe: unga wa mahindi, mafuta ya mawese, maharage, karanga, samaki mkavu, siku nyingine nyama. Akaeleza mizani ya kupimia watoto, shule ya mapadri Wabenedikto, darasa la kushona la akina mama, na yule msimamizi wa kambi aliyeingia nyumba kwa nyumba kutazama usafi. Alisimulia kwa saa nzima bila kutaja hata mara moja jina la kampuni. Alisema tu "kazi". Kazi ilitupa, kazi ilitujengea, kazi ilimzika baba.

Ukirudi kwenye nyaraka unaona ulimwengu huo ulianza lini. Ni karibu na 1928. Kabla ya hapo kampuni iliwatumia watu na kuwarudisha, msimu kwa msimu. Ila kuwatafuta mbali kila mara kuligharimu fedha, vifo viliitia aibu, na migodi mipya ya Rodesia ya Kaskazini ilikuwa inafunguliwa na ingewahitaji vijana wale wale. Ndipo uongozi ukageuza mwendo. Mikataba ikawa ya miaka mitatu. Mtu akaruhusiwa, na baadaye akahimizwa, kuja na mke. Waliandikishwa watu wa Kasai na Lomami, na maelfu kutoka Rwanda-Urundi. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeisimamia sana siasa hiyo, na yeye mwenyewe aliiandika bila kuficha lengo: mfanyakazi mwenye afya, mwenye nyumba na mwenye watoto ni mfanyakazi atakayedumu, na watoto wake ndio wafanyakazi wa kesho.

Vifo vilipungua, hilo ni kweli na lazima tuliandike kwa haki. Watoto walizaliwa wengi, wakapimwa, wakalishwa, wakasomeshwa. Na hilo pia ni kweli: mtoto wa kambi alihesabiwa tangu alipozaliwa kama mali ya baadaye. Mvulana alielekezwa kwenye ufundi, msichana kwenye sindano na sufuria, na kilichoamuliwa ofisini kiliingia hadi chumba cha kulala. Wazee wetu wakisema kampuni ilikuwa baba na mama, wanasema kitu walichokiishi, chenye mkono wa kulisha na mkono wa kuchapa.

Nyumba ndiyo inayonirudia kichwani. Ilikuwa ya kazi, posho ilikuwa ya kazi, shule ilikuwa ya kazi. Aliyefukuzwa kazini alifukuzwa mahali alipolala.

3 Machi

Nimewaandikia wenzangu. Mpangilio wa majina matatu ya langoni hautufai. Napendekeza sura zifuate mabadiliko ambayo watu wa kambi waliyaona kwa macho yao: kuja kwa familia, mgomo wa 1941, miaka ya kupanda vyeo, kuporomoka, na 2003, maelfu walipoachishwa kazi. Majina ya kampuni yatatajwa ndani, kila moja mahali pake.

9 Machi

Wamekubali, mmoja kwa shingo upande. Hoja yake ina uzito: msomaji anayetafuta "Gécamines" ataipata wapi? Tutaweka ukurasa mmoja wa majina mwanzoni. Na majina ni mengi kweli. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, Jadotville, iliyoitwa kwa heshima ya Jean Jadot wa Union Minière, ikawa Likasi. Katanga ikaitwa Shaba chini ya Mobutu, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa majimbo manne.

17 Machi

Mdororo wa uchumi wa dunia. Mwaka 1930 kampuni ilitoa karibu tani 139,000 za shaba. Miaka miwili baadaye haikufika nusu ya hizo. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wakarudishwa makwao. Miaka michache tu baada ya kuambiwa walete wake na wajenge maisha, wakapandishwa treni. Sura ya 2003 tutakayoiandika mwishoni inaanzia hapa, na nitahakikisha msomaji anaiona mbegu yake.

26 Machi

Mgomo wa Desemba 1941. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na shaba ya Katanga ilikwenda kwa washirika wa vita. Uzalishaji ulisukumwa juu, bidhaa zikapanda bei madukani, mshahara wa mfanyakazi Mweusi ukabaki pale pale. Wafanyakazi Weupe walikuwa wameshaunda chama chao na kudai nyongeza. Wenzao Weusi waliliona hilo. Kwao chama kilikuwa marufuku. Kazi ilisimama Likasi na kwenye viwanda vya karibu, kisha Elisabethville. Tarehe 9 Desemba waliitwa au walijikusanya kwenye uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alikuwepo. Mazungumzo yalivunjika, askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, alikufa pale pale. Idadi ya waliouawa ni makumi kwa hesabu ya serikali, na kubwa kuliko hiyo kwa hesabu ya mji.

Katika sura hii hatutaweka wastani. Tutaandika hesabu zote mbili na kueleza nani alihesabu nini. Serikali ilihesabu maiti zilizoandikwa. Mji ulihesabu wasiorudi nyumbani.

30 Machi

Mgodi wa Shinkolobwe, kwa ufupi. Uranium yake iligunduliwa 1915, ikachimbwa kwanza kwa ajili ya radium iliyosafishwa Olen, Ubelgiji. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alipeleka takriban tani 1,200 za madini yale kwenye ghala Staten Island, New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua kwa mradi wa bomu. Yaliyofuata Hiroshima dunia inayajua. Sengier alipewa nishani na Wamarekani mwaka 1946. Tunatafuta familia za waliobeba magunia yale. Hadi sasa tunapata majina ya mtaa tu, na watu wenyewe wamekwisha kufa. Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru, na tangu hapo watu wameurudia kwa majembe.

12 Aprili

Tumepata rundo la magazeti ya Mwana Shaba, gazeti la kampuni kwa wafanyakazi wake, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Harusi, mechi za mpira, mashindano ya bustani, mfanyakazi mwenye miaka ishirini na mitano kazini akipewa saa. Tunapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Vumbi lake linakwaruza koo, wino wa matoleo ya baadaye umefifia kuliko wa mwanzo.

Ni gazeti la bosi, na halikuwahi kuandika habari za njaa. Hata hivyo nimewaona wazee wakilishika kwa mikono miwili na kutafuta sura za watu wanaowafahamu. Mmoja aliipata picha ya timu aliyochezea. Alitaja wachezaji wote kwa majina, mstari wa nyuma kwanza, na karibu wote aliwafuata na neno "marehemu". Tukapata kwa dakika chache orodha ambayo hakuna faili la ofisini lingetupa, pamoja na idara ya kila mmoja na kambi aliyokaa.

4 Mei

1960 hadi 1967. Hapa ndipo vitabu vya siasa vinapojaa, na mimi nitapita kwa haraka, nikiangalia kampuni tu. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi. Union Minière ililipa kodi na gawio kwake badala ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, na bila fedha hizo Katanga yake isingedumu hadi Januari 1963. Watu wa kambi walipigana wao kwa wao kwa makabila, wengine wakakimbilia kwenye kambi ya wakimbizi chini ya Umoja wa Mataifa. Kiwanda hakikuzimwa. Mwaka ule wa kujitenga ndio kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilipoanza kazi.

Mobutu akaja na sheria ya Bakajika ya Juni 1966, iliyorudisha ardhi na haki za madini kwa dola. Akaitaka kampuni ihamishie makao makuu Kinshasa. Brussels ikakataa. Usiku wa kuamkia 1967 mali zote za Kongo zikachukuliwa, na siku mbili tatu baadaye Gécomin ikazaliwa.

Sasa, haya ndiyo ninayotaka kijana wa leo ayaelewe. Shaba ilikuwa yetu, lakini nani aliisafisha na kuiuza? Ndani ya wiki chache serikali ilikubaliana na Société Générale des Minerais, kampuni ya ukoo ule ule wa Société Générale, iendeshe mitambo na biashara. Makubaliano ya 1969 yaliwapa asilimia 6 ya thamani ya uzalishaji kwa miaka 15. Wahandisi waliokuwa ofisini Desemba walikuwa ofisini Februari. Ndiyo maana yule mama wa tarehe 2 Machi hakukumbuka badiliko lolote. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi kuliko mabango ya sherehe.

Lakini si haki kusema 1967 haikuleta kitu. Wazee wawili waliokuwa mafundi wakati ule wameniambia jambo lile lile kwa nyakati tofauti: kuanzia hapo, polepole, Mkongo alianza kupanda hadi vyeo ambavyo baba yake asingeviota. Vijana walipelekwa vyuo vikuu kwa gharama ya kampuni. Akatoka mhandisi Mkongo, akatoka mkuu wa kiwanda, akatoka mkurugenzi. Mmoja wao bado anatunza kofia yake ya kazi, nyeupe, rangi ya wakubwa, na alitaka ipigwe picha kabla ya yeye mwenyewe. Tulifanya hivyo.

19 Mei

Upande wa Ubelgiji. Kampuni mama haikufa. Mwaka 1989 iliungana na kampuni ndugu za usafishaji wa metali, na mwaka 2001 ikajiita Umicore. Leo inajulikana kwa kuchakata metali zilizotumika na kutengeneza malighafi za betri, kobalti ikiwamo. Sehemu kubwa ya nyaraka za Union Minière zilizokuwa Brussels imekabidhiwa kwa hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ubelgiji, na mtafiti anaweza kuomba kuzisoma. Mjukuu wa mchimbaji wa Likasi anahitaji viza ili asome faili la babu yake. Nimelisema hilo kwa kila taasisi niliyoandikia, na nitaendelea kulisema mpaka nakala zije Lubumbashi.

6 Juni

Miaka ya 1970 na 1980, jedwali na masimulizi pamoja.

Kwa tani, Gécamines ilifika kilele chake: mwaka 1986 ilitoa takriban tani 476,000 za shaba, na kwa kobalti ilikuwa ya kwanza duniani. Ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na hospitali, shule, mashamba na vinu vya unga. Ukihesabu wake, watoto na wazazi, ilikuwa nchi ndani ya nchi.

Ukitazama chini ya jedwali, mambo yalikuwa yameanza kuoza mapema. Reli ya Benguela ilikatika 1975 kwa vita vya Angola, na shaba ikalazimika kupita kusini, au kupita njia ndefu ya taifa: treni hadi Ilebo, meli hadi Kinshasa, treni tena hadi Matadi. Nyingine ilipitia Zambia na TAZARA hadi bandari ya Dar es Salaam. Tangu 1974 mauzo yalishikwa na SOZACOM, shirika la serikali, na fedha za shaba zikapita huko kwanza kabla ya kurudi mgodini, zikirudi. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Vita vya Shaba vilikuja mara mbili, 1977 na 1978, na vya mara ya pili vilifika Kolwezi. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, kilomita 1,700 hivi, iliyokamilika 1982, iliongeza deni kubwa la nchi huku mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke yaliyojengwa na kampuni yakiwa tayari yanamaliza kiu ya umeme ya migodi kwa sehemu kubwa.

Fundi mmoja wa kiwanda cha Shituru, Likasi, alieleza kuoza huku vizuri kuliko ripoti yoyote niliyosoma. Alisema mwanzo kilichokosekana ni vipuri vidogo, vya kuagizwa. Wakaanza kung'oa kwenye mashine moja ili nyingine itembee. Walisifiwa kwa ubunifu. Kisha wakabaki na mashine moja, na hakukuwa na ya kung'oa.

20 Juni

Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Ulikuwa moyo wa uzalishaji. Mwaka uliofuata wanajeshi na wananchi walipora miji. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 kampuni haikufikisha tani 40,000 za shaba kwa mwaka, chini ya moja ya kumi ya 1986.

Nilidhani ningeandika hayo na kuendelea. Lakini kati ya 1990 na 1995 kuna 1992 na 1993, na kila nyumba tunayoingia inazo. Wanasiasa wa jimbo, katikati ya ugomvi wao na Kinshasa, waliwageuzia kidole watu wenye asili ya Kasai: wageni, wachukua kazi, warudi kwao. Likasi ilianza kuungua Agosti na Septemba 1992, Kolwezi mwaka 1993. Watu walifukuzwa majumbani, wakalala wiki na miezi kwenye stesheni za reli wakingoja mabehewa ya kuwapeleka mahali ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Wengi walikufa stesheni na njiani. Waliohama walihesabiwa kwa malaki.

Na ni nani aliyewaleta Katanga? Ni kampuni, kwa orodha na kwa treni, kuanzia miaka ya 1920. Babu aliandikishwa kwa sababu ni mtu wa Kasai na mwenye nguvu, mjukuu akafukuzwa kwa sababu ni mtu wa Kasai. Sura hii ndiyo itakayounganisha kitabu chote, maana bila 1928 haieleweki hata kidogo.

Tumeweka masharti. Hakuna jina la msimulizi wala la mtaa. Anayetaka kufutiwa rekodi yake anafutiwa, hata baada ya kuandikwa. Tunasikiliza waliofukuzwa na tunasikiliza majirani waliobaki, na wengine kati yao waliwaficha watu chini ya vitanda. Hatuwakutanishi. Baada ya mazungumzo hatuondoki haraka: tunakaa, tunakula pamoja, tunaongea ya leo.

8 Julai

2003. Kampuni ilikuwa na deni la mishahara ya miezi mingi. Benki ya Dunia ikagharamia mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000, wengi wenye miaka 25 au zaidi kazini, walipewa malipo ya mara moja na kuacha kazi. Mishahara waliyodai na haki zao za uzeeni zilimezwa na malipo hayo, na madai yao hayajaisha hadi leo. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa miaka miwili ni hiari gani? Nimeliandika swali hili kwenye rasimu na sitaki liondolewe.

Hati za malipo ndizo zinazozungumza hapa. Watu wamezitunza kwenye mifuko ya plastiki, pamoja na kitabu cha kazi na kadi za hospitali za watoto. Tunazipiga picha mbele ya mwenyewe, tunafunika namba na jina, tunamrudishia papo hapo. Wanawake wameeleza zaidi kuliko wanaume mahali fedha zilikokwenda: ada zilizolimbikizwa, madeni ya unga, baiskeli ya kubebea makaa, cherehani. Wanaume wengi walinyamaza walipofika mwezi wa tatu baada ya malipo. Watoto wao walikwenda kuchimba kwa mikono.

21 Julai

Sura ya mwisho, ya leo, nimeiandika kwa siku chache kwa sababu mambo yake bado yanatembea. Sheria ya madini ya 2002 ilifungua milango. Gécamines, iliyokuwa mchimbaji, ikageuka kuwa mbia. Kamoto na Luilu ziko kwenye ubia na Glencore, kampuni ya Uswisi. Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba 2009 chini ya Freeport ya Marekani, na mwaka 2016 Wamarekani wakauza hisa zao kwa China Molybdenum. Kampuni ya ubia ya Sicomines ilizaliwa na mkataba wa 2008, Wachina asilimia 68 na upande wa Kongo 32, madini kwa barabara na majengo. Mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024, kwa ubia na Ivanhoe ya Kanada. Kongo sasa inatoa shaba zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, mara nne na zaidi ya kilele cha 1986, na malori yake yanapanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuelekea Dar es Salaam, Durban na kwingineko.

Kwa tani, basi, Katanga haijawahi kuwa tajiri hivi. Wachimbaji wa kampuni hizi wengi wako chini ya mawakala, kwa mikataba mifupi, bila nyumba ya kazi na bila posho. Ni mikataba ya 1911 imerudi ikiwa na kofia mpya. Na Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014 wakachimba mashimo sebuleni. Mtaa uliokuwa wa kulala ukawa mgodi.

Hatuombi kambi za zamani zirudi. Mama wa posho mwenyewe alisema hataki tena mtu wa kuja kukagua sufuria zake. Anataka mjukuu wake aajiriwe na kampuni yenyewe, kwa mkataba ulioandikwa, na akifa mgodini familia ijue pa kwenda kudai. Madai hayo matatu nimeyaweka kwenye rasimu kama alivyoyataja, kwa lugha yake.

2 Agosti

Hali ya kazi: sura za 1928, 1941 na 1967 zimekwisha kusomwa na wazee waliozisimulia, na masahihisho yao yameingizwa. Waliongeza zaidi majina ya vyakula na ya mitaa. Kwenye 1941 mmoja aligeuza mlango ambao watu walikimbilia. Sura ya 1992 inasomwa na wahusika peke yao kwanza. Sura ya 2003 inangoja hati kutoka Likasi.

Kinachofuata ni Kolwezi. Tutaanza na waliozaliwa Musonoi, kambi ambayo sasa imezungukwa na migodi ya ubia. Tumeandaa maswali ya nyumba kabla ya maswali ya kazi: uliishi namba ngapi, nani alikaa kabla yako, ulipewa karatasi gani ulipoinunua au ulipoondolewa, na nani analala humo sasa. Mwenye hati za Musonoi, Luilu au Kapata aziweke tayari, tutazipigia picha kwake nyumbani.